Bomba na Mashine

Barua ya ofisi ya fidia ilikuwa na mistari sita. Mke aliisoma kwa sauti mara mbili, mguu mmoja bado juu ya kanyagio la cherehani. Ilisema ombi limesimama. Karatasi za zahanati ya kiwanda zinaonyesha kwamba mwezi wa tatu mwombaji alipuliza pumzi ya kipimo cha mia nne na themanini kwenye bomba. Karatasi za hospitali kubwa zinaonyesha kwamba mwezi wa sita mtu huyohuyo alipuliza mia mbili na kumi na tano kwenye mashine. Mapafu ya binadamu hayaporomoki hivyo kwa miezi mitatu, ilisema barua. Kwa hiyo kimoja kati ya vifaa viwili kina kasoro, au kuna jambo lingine, na ofisi haiwezi kumtambua mtu kuwa ameumizwa na kazi mpaka ijue ni namba ipi ya kuaminiwa.

“Jambo lingine ndiyo nini?” mke aliuliza.

Mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda kama mtu anayejiandaa kunyanyuka. Hakuwa ananyanyuka. Ndivyo alivyokuwa anapumua.

Alikata mawe kwa miaka kumi na tisa. Mabamba ya kuweka juu ya makabati ya jikoni, ngazi za mahoteli, vizingiti vya madirisha ya watu wenye madirisha makubwa. Jiwe likikatwa kwa maji, vumbi hupungua, lakini maji huchelewesha kazi na bosi alitaka kazi iishe. Basi walikata kavu. Jioni walitoka weupe kuanzia nyusi mpaka viatu, wakitaniana kwamba leo wameonja uzee bure.

Alichokuwa anaomba si utajiri. Mtu akitambuliwa kwamba kaumizwa na kazi, hospitali humpa mtungi wa hewa wa kukaa nao nyumbani, na dawa mpaka mwisho wake. Asipotambuliwa, ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na foleni ya mitungi ya wagonjwa wengine ilikuwa ndefu kuliko siku alizobakiwa nazo. Mpimaji wa hospitali alikuwa amemweleza hivyo mke, pembeni, kwa sauti ya upole. Mke alirudi nyumbani akashona sare saba za shule siku hiyohiyo, bila kula.

Sasa aliikunja barua akaiweka chini ya mkasi.

“Mimi hapa nina futi mbili za kupimia nguo,” alisema. “Hii ya zamani imevutika. Kiuno cha inchi thelathini na mbili yenyewe inasema thelathini na moja. Nikitaka kujua ipi inasema kweli, siendi kumuuliza mteja. Nampima mtu mmoja kwa zote mbili, siku moja, amesimama palepale. Hao wasomi wameshindwa hilo?”

“Waache,” mume alisema.

“Niwaache vipi?”

“Waache tu, mama watoto.”

Mke alidhani ni uchovu unaomsemesha. Hakuwaacha.

*

Siku ya kwanza mlinzi wa ofisi ya fidia alimwambia akasubiri nyuma, penye ndoo, kwa kuwa alidhani amekuja kuomba kazi ya usafi. Alikaa huko saa nzima kabla mtu hajamuuliza anamsubiri nani. Alipofika mezani aliambiwa kwamba mwombaji si yeye, na kwamba mwombaji aje mwenyewe. Alieleza kuwa mwombaji hawezi kupanda ngazi tatu bila kukaa. Waliandika hilo mahali, wakamwambia arudi Jumatano.

Jumatano alirudi na futi zake mbili. Alizitandaza sambamba juu ya meza ya afisa, ya zamani na mpya, akamwonyesha pale namba zinapoachana. Afisa alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaichukua ile ya zamani, akaivuta kidogo kwa vidole, akaichungulia. Akafungua kitabu chake cha tarehe. Wiki ijayo, Jumanne, hospitali kubwa, ghorofa ya pili: kiwanda kitaleta bomba lake, hospitali itaweka mashine yake, na mtu mmoja atapuliza vyote viwili mbele ya mashahidi.

Alitoka pale akitembea haraka kama msichana. Nyumbani alimweleza mumewe yote, pamoja na mlinzi na ndoo, akimwigiza mlinzi mpaka mwenyewe akacheka. Mume alimtazama kwa muda mrefu.

“Umefanya vizuri,” alisema.

Chakula chake cha siku ile alikirudisha kama kilivyokuja.

*

Kiwandani walimwita Mwalimu, ingawa shule aliiacha darasa la nne. Jina alilipata kwa kufundisha jambo moja tu, na jambo lenyewe mkewe hakulijua.

Kila baada ya miezi sita nesi wa kiwanda alileta bomba la kupulizia, la plastiki, lenye kishale kinachosukumwa na pumzi. Ukifika mia nne, unaandikwa mzima. Usipofika, “unapumzishwa”. Neno zuri. Maana yake ilikuwa kwamba Jumatatu usije, na asante hakuna. Miaka tisa nyuma walimpumzisha mkataji aliyekuwa mzee kuliko wote. Mwezi uliofuata Mwalimu, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumbana, alikaa na mrija mtupu wakati wa chai akijaribu hiki na kile, mpaka akagundua. Ukiziba tundu kwa ulimi, ukajaza mashavu, kisha ukauachia ulimi ghafla kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, kishale kinaruka. Pumzi yenyewe ni ya mashavu tu, lakini kishale hakijui imetoka wapi.

Aliwafundisha wote. Wiki ya kupimwa walipanga mstari nyuma ya ghala na mirija yao, watu wazima wenye ndevu, wakitema mbegu zisizokuwepo, yeye akipita nyuma yao kama mwalimu wa zamu. “Wewe unapuliza. Nani kakwambia upulize? Tema!” Katika miaka tisa hakuna mwanafunzi wake aliyefeli. Hata waliofariki, wawili, walifariki wakiwa wameandikwa wazima.

Mdogo wa mkewe alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, na bado alikuwa kazini. Alikuwa mpiga msasa, ndiye aliyesugua kingo za mawe mpaka zing'ae. Dada yake ndiye aliyemwombea kazi. Mwalimu ndiye aliyempeleka kwa bosi, na Mwalimu ndiye aliyempa mrija wake wa kwanza.

Jumamosi alasiri, dada yake akiwa amepeleka sare kwa wateja, shemeji huyo alikuja akakaa chini mlangoni, miguu nje.

“Wamenituma,” alisema.

“Najua.”

“Tuko kumi na watatu sasa, shemeji. Wanasema una haki ya kupata chako, hakuna anayekataa. Ila ukilitaja lile, wote tunaletewa mashine ya hospitali. Nani kati yetu atabaki?” Alikwangua unga mweupe kwenye kucha. “Mmoja kakodi nyumba juzi. Na mke wangu, unamjua hali yake, mwezi ujao anajifungua.”

Mwalimu alivuta pumzi mbili kabla ya kuzungumza. Siku hizi alizihesabu, kama mtu anayenunua maneno rejareja.

“Na wewe unasemaje? Si wao. Wewe.”

“Mimi nitakushika mkono kwenye ngazi. Basi.”

Dada mtu aliwakuta hapohapo mlangoni. Alipoona ndugu yake, alifurahi, akamwambia Jumanne asikose, maana yeye ana sare ishirini za kumaliza na mtu wa kumtegemea hospitalini ni yeye tu. Kisha akamgeukia mumewe na kumsihi apulize kwa nguvu zake zote, asione haya mbele ya wakubwa. “Wahenga walisema mficha maradhi,” alianza, halafu akaona methali inakoelekea, akaikatiza, akaingia ndani kuwasha jiko.

*

Lifti ilikuwa imekufa. Ngazi arobaini na mbili waliziwekea vituo vinne. Kwenye kituo cha tatu Mwalimu alikaa kabisa, watu wakipita pembeni yake wakiinua mikoba, na mama mmoja alimdondoshea sarafu mapajani. Shemeji alitaka kumrudishia. Mwalimu alimzuia kwa kichwa.

“Acha,” alisema alipopata pumzi. “Tuseme nimelipwa kwa kupanda.”

Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lake halikufunguka. Mezani kulikuwa na mashine ya hospitali, yenye kioo kinachochora mstari pumzi inapotoka. Mpimaji, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa akiifuta mdomo wake. Nesi wa kiwanda alikaa pembeni, bomba lake limefungwa kwenye kitambaa safi kama mtoto. Afisa wa fidia alikuwa na faili.

Walianza na mashine. Mpimaji alimbana pua kwa kibanio, akamwelekeza avute mpaka mwisho, kisha apulize, apulize, apulize, asiache, asiache. Mwalimu alipuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Mia mbili na kumi na tano. Akapumzishwa kwa kweli, kwenye kiti, dakika tano. Mia mbili na nane. Mia mbili na kumi na mbili. Mistari yote mitatu kwenye kioo ilikuwa na umbo moja, kama vilima vitatu vidogo vilivyozaliwa na mama mmoja.

Kisha nesi alifungua kitambaa. “Haya Mwalimu,” alisema, naye alimaanisha wema, “kama kawaida.”

Mwalimu alikuwa amekesha siku tatu akiamua. Alikuwa ameamua kupuliza kwa kweli, mdomo wazi, na kuacha bomba liseme litakachosema. Akiulizwa kuhusu namba za zamani atasema hajui. Lakini bomba lilipogusa midomo yake, ulimi ulikwenda wenyewe. Miaka tisa si mchezo. Kishale kiliruka.

Mia nne na sitini.

Hata yeye alishtuka. Alibaki ameshika bomba mbele ya uso wake kama mtu aliyeokota kitu cha mtu mwingine.

“Rudia,” mpimaji alisema, akiinama kumtazama mdomo.

Safari hii aliubana ulimi chini kwa meno. Mia mbili na ishirini. Ya tatu, mia mbili na kumi.

Nesi alisema labda bomba limezeeka. Mpimaji hakubishana. Alibadilisha kipande cha mdomo, akapuliza bomba yeye mwenyewe, mia nne na ishirini, kisha mashine, mia nne na kumi na mbili. Akampa nesi: mia tatu na themanini kwenye bomba, mia tatu na themanini na tano kwenye mashine. Akamgeukia afisa. Afisa alilegeza tai, akavimba kifua, akapata mia tano na kumi na mia tano kamili, na kwa kitambo kidogo alionekana ameridhika na maisha yake.

“Vinapatana,” mpimaji alisema. “Tofauti ndogo ni ya kawaida. Hakuna kifaa kibovu hapa.”

“Basi aliyebaki ni mtu,” afisa alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alifungua faili, akageuza karatasi za kiwanda moja moja, kumi na nane, zote juu ya mia nne. Mpimaji alimwelekeza kwenye ile mistari mitatu ya kioo. Mtu anayejizuia, alieleza, hawezi kuchora mstari uleule mara tatu. Afisa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Dada yangu, mimi si mtaalamu wa mistari. Ninachojua ni hiki. Mtu anaweza kujifanya mgonjwa. Kujifanya mzima hawezi. Hizo mia nne na sitini zimetoka kifuani mwake sasa hivi, mbele yetu. Kama zimo, zimo.” Akamtazama Mwalimu. “Mzee, una la kusema kabla sijaandika?”

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono juu ya mgongo wa kiti. Mwalimu hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka. Alijua mkono ule ulivyoanza kusugua mawe, ukiwa na malengelenge, na nani aliupeleka pale. Alifikiria mtungi. Alifikiria sare ishirini, na mlinzi, na ndoo. Akavuta pumzi mbili.

“Sina,” alisema.

Afisa alifungua kalamu. Alikuwa ameandika tarehe na nusu ya mstari wa kwanza.

“Naomba hilo bomba,” shemeji alisema.

Nesi alimtazama afisa. Afisa aliinua mabega. Mwalimu alisema, “Kaa chini, wewe,” kwa sauti ambayo haikufika popote.

Shemeji alilishika bomba. “Hivi ndivyo tunavyopuliza kwa nesi,” alisema, akaziba tundu kwa ulimi, akajaza mashavu, akatema. Mia tano. Akawaonyesha kishale kila mmoja, polepole. “Inaitwa mbegu. Si pumzi hii, ni mate na mashavu. Yeye alitufundisha ili tusifukuzwe. Sasa nitapuliza bila mbegu, muone tofauti.” Alikuwa karibu kutabasamu, kama mtu anayeonyesha mchezo wa karata. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mpira alicheza mpaka mwaka juzi. Alidhani itakuwa mia nne na hamsini, au chini kidogo.

Alifungua mdomo akapuliza.

Kishale kilisimama penye mia mbili na tisini.

“Hapana,” alisema. “Sikujiandaa.” Akakirudisha kishale mwanzo, akasimama sawasawa, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza tena. Mia mbili na themanini na tano.

Katika miaka yote ile hakuwahi kupuliza bila mbegu, hata mara moja. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Namba zao za kweli hakuna aliyezijua, wao wenyewe wala nesi.

Mpimaji ndiye aliyesogea kwanza. Alilichukua bomba mkononi mwake kwa utaratibu, akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha Mwalimu. “Kaa hapa, kaka,” alisema. “Una kikohozi?”

“Cha vumbi tu.”

“Tangu lini?”

Shemeji alikaa. Afisa alimuuliza nesi kama aliwahi kuliona jambo hilo. Nesi alikuwa akikunja kitambaa chake, akikunjua, akikunja.

“Mimi naandika kishale kilipofika,” alisema. “Mashavu hayana sehemu yake kwenye fomu.”

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Alikata ule mstari wa kwanza. Alimwambia Mwalimu kwamba ombi lake litaendelea, na kwamba mtungi unaweza kufika kabla ya mwisho wa mwezi. Alisema pia kwamba kiwanda kitapata barua, na wafanyakazi wote watapimwa hapahapa, kwenye mashine. Kisha akauliza ni wangapi wanaotumia hiyo mbegu.

“Niandike mimi,” shemeji alisema. “Wengine waulize wenyewe.”

Kushuka ngazi waliweka vituo vinne vilevile. Watu waliopita wasingeweza kusema nani anamshika nani. Kwenye kituo cha mwisho Mwalimu alisema kwamba shemeji angenyamaza mambo yangekwisha, akauliza nani kamtuma. Shemeji alisema hakutumwa na mtu. Alisema hivyo akitazama ngazi.

“Usimwambie dada leo,” aliongeza.

*

Alasiri ile mke alikuwa amemaliza sare kumi na nne. Ya kumi na tano aliisukuma kando aliposikia miguu barazani, na alipouona uso wa mumewe akasimama.

“Bomba na mashine vimepatana,” Mwalimu alisema kutoka mlangoni.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nimepata. Mtungi unakuja mwezi huuhuu.”

Alijifunika uso kwa kile kitambaa cha sare akakaa tena, na kwa dakika nzima alilia bila sauti, huku akisema kwamba alijua, alijua, futi haisemi uongo ukiijua tabia yake. Mume alishuka kwenye kiti chake cha mlangoni. Alitazama sakafu. Mke alifuta macho, akaanza kupanga: kitanda kisogezwe huku, mtungi ukae hapa karibu na dirisha, watoto wasiuchezee. Akauliza mbona mdogo wake haingii.

Alikuwa amekaa nje, kwenye ngazi, mgongo kwa mlango.

“Wewe, umefanya nini huko? Njoo ule.”

“Nakuja, dada.”

Hakuja. Dada alitoka akasimama juu yake. Alitaka kumtania, kumwambia kwamba shughuli ya kumbeba mzee imemshinda. Lakini alikuwa fundi, na jicho la fundi hutangulia ulimi. Shati alilovaa alimshonea yeye, siku ya harusi yake, na alilishona la kukaa mwilini. Sasa mshono wa bega ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mkono. Kola ilisimama mbali na shingo. Mashati ya mumewe yalianza hivyohivyo. Alikuwa ameyapunguza mara tatu, vidole viwili kila upande, na kila mara alijiambia ni kitambaa kinacholegea.

Alitazama mabega ya ndugu yake. Yalikuwa yanapanda, yanashuka.

Aligeuka kumtazama mumewe mlangoni. Mumewe hakuinua macho.

Akaingia ndani, akaiacha ile futi ya zamani mezani, akachukua mpya.

“Simama,” alimwambia ndugu yake. “Inua mikono.”

Alisimama, akainua mikono kama alivyofanya siku ile ya harusi. Dada alimzungushia futi kifuani, akaikaza, akaisoma. Akailegeza, akaizungusha tena, akaisoma tena. Fundi akipima huandika, na daftari lilikuwa mfukoni mwake na penseli sikioni. Hakuandika. Alibaki amemzungushia futi vilevile, ncha zote mbili mkononi mwake, kama anayeogopa kwamba akiachia kitu kitaanguka.